Aliyesimama Ukingoni: Sanamu ya Watumwa ya Mkunazini Ikitazamwa kutoka Mbekenyera

Utangulizi

Katika ua wa Kanisa Kuu la Kristo la Anglikana, mtaa wa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, pamechimbwa shimo la pembe nne lililozungushiwa kuta za mawe. Ndani yake zimo sanamu za watu watano, wanaume kwa wanawake, zenye ukubwa unaokaribia ule wa binadamu aliye hai. Shingoni mwao zimevishwa pete za chuma, na pete hizo zimeunganishwa kwa mnyororo mmoja. Kazi hiyo, inayojulikana kama Kumbukumbu ya Watumwa, ni ya mchongaji wa Kiswidi Clara Sörnäs, na imekuwapo mahali hapo tangu mwaka 1998. Maelfu ya wageni huipiga picha kila mwaka. Ni vigumu leo kukuta kitabu cha mwongozo wa Zanzibar kisichokuwa nayo.

Maandishi mengi yanayoigusa sanamu hii huitaja kama maombolezo ya jumla juu ya utumwa, kisha hupita. Insha hii inachukua njia nyembamba zaidi. Inauliza: sanamu hii inamweka mtazamaji mahali gani, na mahali hapo panamfanya aione historia ipi na aikose ipi? Swali hili linaulizwa kwa makusudi kutoka Mbekenyera, kata ya wilaya ya Ruangwa, jirani na Nachingwea, mkoani Lindi. Sababu yake ni ya kihistoria kabla ya kuwa ya kihisia. Sehemu kubwa ya watu waliofikishwa katika soko la Zanzibar katika karne ya kumi na tisa ilipitia Kilwa, na nchi iliyo nyuma ya Kilwa na Lindi, yaani nchi ya Wamwera, Wayao, Wamakua, Wangindo na Wamakonde, ndiyo iliyotoa au kupitisha wengi wao. Kwa hiyo mtu wa Mbekenyera anapofika Mkunazini hawezi kujiita mgeni wa kawaida. Kuna uwezekano kwamba anatazama watu wa kwao. Upo pia uwezekano mwingine ambao insha itaurudia, nao haupendezi.

Jicho linalotazama chini

Sanamu za hadharani katika miji yetu zimezoea kumwinua anayekumbukwa. Dar es Salaam ya Wajerumani ilikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana na kamanda wa majeshi ya kikoloni, akiwa amesimama juu ya msingi mrefu, na chini yake askari Mwafrika akimwangalia. Baada ya vita sanamu hiyo ilifikishwa Hamburg, ambako ilisimamishwa upya mwaka 1922 na kuangushwa na wanafunzi mwaka 1968. Waingereza nao waliweka yao mwaka 1927: Askari wa shaba aliyechongwa na James Alexander Stevenson, ambaye bado yupo katikati ya jiji. Safari hii Mwafrika alipandishwa juu ya msingi. Hata hivyo wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita hivyo, ambavyo moja ya mapigano yake makali zaidi lilitokea Mahiwa, mkoa huu huu wa Lindi, Oktoba 1917, hawakupandishwa juu ya msingi huo. Katika mnara wa Nairobi wa mwaka 1928 mpagazi amesimama pamoja na askari. Mantiki ya kazi zote hizo ni moja: mtazamaji huinua kichwa, na shingo yake inafanya kazi ya heshima kabla akili haijaamua kama heshima hiyo inastahili.

Sörnäs ameipindua mantiki hiyo kwa njia rahisi mno. Amechimba. Mtu anayeingia uani kwa mara ya kwanza haoni mnara wowote wa kumwita kwa mbali. Huona ardhi iliyokatwa, kisha kadiri anavyosogea huanza kuona vichwa. Utosi huonekana kabla ya uso. Mpangilio huu wa kuona si wa kawaida kati ya watu wazima wanaokutana kwa usawa. Ni mtazamo wa mtu aliye juu akiangalia vitu vilivyowekwa chini, kama mnunuzi aliyeinama juu ya kapu sokoni. Anayetaka kuona nyuso hulazimika kuchutama au kupiga magoti ukingoni, na hata akifanya hivyo bado hakutani na macho yao, kwa kuwa watu wale hawakuchongwa wakimngojea mtazamaji. Hawaangaliani pia. Kila mmoja ana upande wake, na mnyororo peke yake ndio unaowafanya kuwa kundi.

Mwandishi wa insha hii ameizunguka sanamu hiyo kwa saa tofauti za siku, na jambo lililomshangaza ni ugumu wa kuwahesabu watano wale kutoka upande mmoja huku akiziona nyuso zao zote. Ukiona uso wa huyu, unaona kisogo cha yule. Adhuhuri jua huingia moja kwa moja shimoni na sura huonekana wazi. Jua likishuka, kivuli cha ukuta hupanda taratibu hadi shingoni, na kwa muda mfupi chuma na shingo huwa rangi moja. Hayo yote hayahitaji maelezo ya kiongozi wa watalii. Hutokea kwa mwili wa mtazamaji mwenyewe, na ndiyo maana kazi hii inastahili kusomwa kama hoja ya kihistoria wala si pambo la ua.

Hoja yenyewe imo katika yule asiyekuwapo. Shimoni wamo waliouzwa tu. Dalali hayumo, mnunuzi hayumo, karani wa forodha hayumo, wala nahodha wa jahazi. Lakini nafasi yao haikufutwa. Nafasi ya mtu anayesimama juu, akiwa huru, akimtazama mtu aliyefungwa chini yake, imeachwa wazi ukingoni, na kila anayefika huijaza bila kuombwa. Mchongaji hakuhitaji kumchonga mnunuzi kwa sababu alijua atakuja mwenyewe.

Soko lilivyojua kudanganya jicho

Inafaa kusema wazi kwamba shimo hili si nakala ya soko. Wageni wengi huondoka wakiamini kwamba watumwa waliuzwa ndani ya mashimo ya aina hii. Maelezo ya walioshuhudia biashara hiyo hayasemi hivyo. Kapteni Thomas Smee wa Uingereza, aliyefika Zanzibar mwaka 1811, wakati soko lilipokuwa bado halijahamia Mkunazini, aliandika kwamba watumwa walipangwa mstari kuanzia mdogo hadi mkubwa kwa kimo na kutembezwa sokoni wakati wa alasiri. Ngozi zao zilikuwa zimesafishwa na kupakwa mafuta ya nazi hadi zikang'aa, nyuso zimechorwa mistari ya rangi, na mikono, masikio na miguu imevishwa mapambo ya dhahabu na fedha. Mnunuzi alichunguza kinywa, meno na viungo, na mtumwa aliamriwa kutembea au kukimbia ili ionekane kwamba hana kilema.

Ushahidi huu una uzito mkubwa kwa mada yetu. Soko lenyewe lilikuwa mchezo wa kuona. Mtu aliyekuwa ametembea kwa wiki au miezi kutoka bara, aliyekonda kwa njaa na aliyevuka bahari chini ya sitaha ya jahazi, alipakwa mafuta ili asionekane ametoka wapi. Mapambo aliyovishwa yalikuwa ya muuzaji, na yalivuliwa baada ya kuuzwa. Ufundi wa dalali ulikuwa kuifuta safari kutoka juu ya ngozi.

Sanamu ya Mkunazini inafanya kinyume cha ufundi huo. Haing'ai. Ni ya kijivu, yenye mkwaruzo, na mwili wa binadamu umeachwa karibu na umbo la jiwe. Pale dalali alipopanga watu kwa kimo ili jicho lisome bei kwa urahisi, mchongaji amewageuza pande mbalimbali ili jicho lishindwe kuwasoma. Kwa maana hiyo kazi ya mwaka 1998, ingawa haina ukweli kuhusu umbo la soko, ina ukweli kuhusu tendo lililokuwa likifanyika humo. Mtafiti anayeikosoa kwa kusema kwamba soko halikuwa na shimo yuko sahihi, lakini amejibu swali ambalo sanamu haikuuliza.

Hata hivyo swali hilo lazima liulizwe na mtu mwingine, kwa sababu sanamu haikai peke yake. Inakaa katika uwanja ambao kila kitu kinadai kuwa ushahidi.

Chuma kilibaki, mti ukaoza

Hatua chache kutoka kwenye shimo lipo jengo la Mtakatifu Monika, ambalo vyumba vyake vya chini huonyeshwa kwa wageni kama mahabusu ya watumwa waliokuwa wakisubiri kuuzwa. Dari ni fupi, hewa ni nzito, na mgeni anayeinama kuingia hutoka akiwa ameshawishika. Tatizo ni la tarehe. Soko lilifungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash bin Said alitia saini tarehe 5 Juni 1873, mbele ya shinikizo la balozi John Kirk. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, yaani UMCA, ilipata uwanja baada ya hapo, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa sikukuu ya Krismasi mwaka huo huo. Jengo la Mtakatifu Monika ni la misheni, lililotumika kama hospitali. Ndiyo sababu wanahistoria kadhaa wametilia shaka simulizi ya mahabusu, wakiona kwamba vyumba hivyo vinaelezeka vizuri zaidi kama ghala za jengo lililokuja baada ya soko kufa.

Vyumba na sanamu hulishana. Mgeni hushuka kwanza vyumbani, mwili wake ukajifunza kubanwa, kisha hutoka nje na kukuta watu shimoni. Anaona jambo moja likithibitisha jingine. Kumbe kimoja ni jengo la misheni lililopewa maana mpya, na kingine ni kazi ya sanaa ya mwisho wa karne ya ishirini. Kinachoongeza mkanganyiko ni mnyororo, kwa kuwa viongozi wa watalii hueleza kwamba minyororo iliyomo ni ya kweli, iliyotumika zama za biashara yenyewe. Ikiwa ni hivyo, basi kazi hii imechanganya aina mbili za ushahidi katika umbo moja: miili iliyobuniwa na chuma kisichobuniwa. Jicho la mtazamaji haliwezi kuvitenga, na uhalisi wa chuma huhamia kwenye miili na hata kwenye shimo.

Hapa mtazamo wa Mbekenyera una la kuongeza. Chuma ni alama ya pwani zaidi kuliko ya njia ya bara. Katika misafara ya kusini minyororo ilikuwapo, lakini zilikuwapo pia kamba, na kilichotajwa mara nyingi na wasafiri ni kongwa: mti mrefu wenye panda, shingo ya mateka ikiwekwa katikati ya panda na kufungwa kwa kijiti au ukucha wa chuma. David Livingstone alilitaja mara kwa mara katika safari yake ya mwaka 1866 alipopanda kando ya mto Ruvuma kuelekea Nyasa. Kongwa lilikatwa msituni, njiani, kwa mti wowote uliofaa, na lilipomaliza kazi lilitupwa. Mchwa walimaliza yaliyobaki. Kwa hiyo kilichookolewa na makumbusho ni kile ambacho hakiozi, nacho ni chuma cha mwisho wa safari. Sehemu ndefu zaidi ya mateso, ile iliyopita katika misitu ya miombo ya nchi hii, ilitumia nyenzo ambazo nchi yenyewe imezila. Sanamu imefuata kilichobaki. Si kosa la mchongaji, lakini matokeo yake ni kwamba historia inaanza kuonekana pale bahari inapoonekana.

Njia ya Kilwa

Makadirio ya wanahistoria kwa miaka ya 1860 yanaonyesha kwamba watu wapatao 20,000 waliingizwa Zanzibar kila mwaka, na Kilwa ilikuwa mlango mkuu wa biashara hiyo. Mji unaohusika ni Kilwa Kivinje, ulio bara, wala si magofu ya Kilwa Kisiwani yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ni kinaya kinachostahili kutajwa, japo kwa kupita tu: mji uliopewa hifadhi ya dunia ni ule wa misikiti na majumba ya karne za kati, na mji ambamo mababu wa watu wa kusini walipakiwa majahazini uko bara, ukibomoka.

Baadhi ya waliopakiwa walibaki Zanzibar na Pemba katika mashamba ya karafuu. Wengine walisafirishwa kuelekea Uarabuni. Wengine hawakufika popote. Kabla ya hapo, Wafaransa waliohitaji wafanyakazi wa mashamba ya miwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi walikuwa wateja wakubwa wa Kilwa tangu nusu ya pili ya karne ya kumi na nane. Mkataba wa mwaka 1873 haukuikata njia mara moja. Ulifunga bahari na soko, na wafanyabiashara wakahamia nchi kavu, wakiwatembeza mateka kutoka Kilwa kuelekea kaskazini sambamba na pwani, hadi Barghash alipopiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, na katika Tanganyika ilibidi kungojea sheria ya mwaka 1922.

Ushuhuda mmoja wa njia hii unahitaji kukaa nao kidogo, kwa sababu unagusa shimo. Ni simulizi ya Swema, binti wa Kiyao aliyeuzwa akiwa mtoto katikati ya miaka ya 1860. Wamisionari Wakatoliki wa Zanzibar waliiandika kutoka kinywani mwake, na mwanahistoria Edward Alpers aliifanyia uchambuzi uliochapishwa mwaka 1983. Swema alichukuliwa kwa sababu ya deni ambalo mama yake mjane alishindwa kulilipa. Mama alijitoa kuufuata msafara ili asitengane na mwanawe, akabebeshwa mzigo, na nguvu zilipomwishia aliachwa njiani. Mtoto alifika Kilwa, akapakiwa jahazini, na alipofika Zanzibar alikuwa amedhoofu kiasi kwamba mwenye mali aliona hana thamani tena. Alifungwa ndani ya mkeka na kuzikwa akiwa hai katika kaburi la kina kifupi. Kijana aliyepita akasikia sauti, akamfukua na kumpeleka misheni.

Msomaji anayeijua simulizi hii hawezi tena kuliangalia shimo la Mkunazini kama tamathali tu. Kwa Swema lilikuwa jambo lililotokea. Isitoshe, simulizi yake inaonyesha kile ambacho sanamu haiwezi kuonyesha kwa umbo lake: kwamba mlango wa kuingia utumwani mara nyingi haukuwa bunduki usiku wa manane bali deni, njaa, nzige, na mjane asiye na ndugu wa kumsimamia. Mtu wa kwanza katika mnyororo wa wauzaji alikuwa jirani aliyejulikana kwa jina.

Nani asimame ukingoni?

Hapa tunafika kwenye lile jambo lisilopendeza lililoahidiwa mwanzoni. Nchi ya Ruangwa, Nachingwea na Masasi haikuwa na upande mmoja tu katika historia hii. Wamwera walishambuliwa na vikosi vya Wangoni, ambao wamisionari waliwaita Magwangwara, na wengi walikimbia makazi yao. Wayao walikuwa mateka, na wakuu wa Kiyao kama Mataka wa Mwembe walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa watumwa wa wakati wao. Wapo waliouza ndugu zao wakati wa njaa, na wapo waliowanunua watu na kuwafanya sehemu ya ukoo, wakawaoza na kuwapa mashamba, hata wajukuu wao hawajui leo kwamba bibi aliingia kijijini akiwa amefungwa. Watu hawa wote wameoana. Wanaoishi Mbekenyera sasa ni wajukuu wa aliyeuzwa na wajukuu wa aliyeuza, na mara nyingi mtu mmoja ni wa pande zote mbili.

Kwa hiyo mtu wa Mbekenyera anapofika ukingoni, nafasi iliyoachwa wazi na mchongaji humkaa vibaya zaidi kuliko inavyomkaa mtalii wa Ulaya. Mtalii anaweza kuhuzunika na kujiona hana hatia, au kukiri hatia ya mbali. Sisi hatuna umbali huo. Ni maoni ya insha hii kwamba hapa ndipo kazi ya Sörnäs ina nguvu kuliko maelezo yanayotolewa kando yake, kwa kuwa maelezo hayo hupenda kumtaja muuzaji kwa jina moja la taifa au dini, wakati shimo lenyewe halimtaji mtu. Linampa kila anayefika nafasi ile ile.

Ukimya huo wa shimo una gharama pia. Watano wale hawana majina wala nchi. Inaweza kujibiwa kwamba ndivyo soko lilivyowafanya, na jibu hilo ni sahihi kwa nusu. Lakini Zanzibar yenyewe ilihifadhi majina ya asili kwa muda mrefu: Mnyasa, Myao, Mngindo, Mwera yalikuwa majina ya watu na mitaa yao, na ngoma zao zilijulikana. Laura Fair, katika utafiti wake juu ya Zanzibar baada ya kufutwa kwa utumwa, ameonyesha jinsi majina hayo yalivyopungua kati ya sensa ya mwaka 1924 na ya mwaka 1931, watu wengi wenye asili ya bara wakijitambulisha kwa majina ya visiwani. Walikuwa na sababu nzuri. Jina la bara lilikuwa kama pete ya shingoni, na kulivua kulikuwa sehemu ya uhuru. Hivyo kutokuwa na jina kwa watano wale kunaweza kusomwa kwa namna mbili zinazopingana: kama kunyang'anywa, au kama haki ya kutotambuliwa waliyojipatia wenyewe wazao wao. Umbo halituambii tusome vipi.

Inasaidia kulinganisha na uchongaji wa kusini wenyewe. Wachongaji wa Kimakonde, waliotoka pande zote mbili za Ruvuma, walianzisha katikati ya karne iliyopita mitindo miwili ambayo nayo humchezea mtazamaji. Shetani, mtindo unaohusishwa na Samaki Likankoa na miaka ya 1950, hulivunja umbo la mtu hadi jicho lisijue kama linaona kiungo, mnyama au tundu. Dimoongo, unaohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani na ambao baadaye uliitwa ujamaa, hurundika watu katika gogo moja la mpingo, huyu akimbeba yule, hata haiwezekani kuwahesabu bila kulizunguka gogo lote. Katika dimoongo kama ilivyo Mkunazini, hakuna upande mmoja unaotosha. Tofauti iko katika kinachowaunganisha watu. Kwenye mpingo mwili unashikwa na mwili. Ukimwondoa mmoja, wengine wanaanguka. Kwenye shimo watu wanashikwa na kitu kisicho mwili, na ukikiondoa wangeweza kuondoka kila mtu kwa njia yake. Haifahamiki kwa nini kumbukumbu kubwa ya hadharani juu ya watu wa kusini haijawahi kukabidhiwa kwa mikono ya wachongaji wa kusini, wala kwa nini haiko kusini. Kituo cha urithi na elimu kilichofunguliwa katika uwanja wa kanisa mwaka 2016 kimeongeza maelezo mengi yanayohitajika. Nacho kiko Mkunazini.

Waliorudi kwa miguu

Nyuma ya altare ya kanisa, umbali mdogo kutoka kwenye shimo, limo kaburi la Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882. Wageni huelezwa kwamba ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa, na kwamba altare imewekwa mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Wasomi wa Kiswahili humjua kwa vitabu vyake vya sarufi na hadithi vya mwaka 1870. Kinachotajwa kwa nadra ni safari zake za kusini. Mwaka 1875 alitembea kutoka Lindi hadi kwa Mataka, Mwembe. Mwaka 1876 alirudi njia hiyo akiwa na kundi la watu waliokombolewa kutoka majahazini na kulelewa na misheni kule Zanzibar, kwa nia ya kuwafikisha karibu na nchi walikotoka. Hawakufika Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya milima ya mawe, wakaona maji na ardhi nzuri, walikataa kuendelea, wakajenga.

Wengi wao walikuwa wamewahi kupita nchi hiyo au jirani yake wakiwa watoto, wakielekea baharini. Sasa waliipita kinyumenyume, watu wazima, mizigo kichwani kwa hiari yao, shingo zikiwa tupu. Septemba 1882, mwezi mmoja tu baada ya Steere kufariki Zanzibar, Magwangwara waliishambulia Masasi. Nyumba zilichomwa, watu kadhaa wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, na Chauncy Maples aliyekuwa akiongoza kituo akahamia Newala na baadhi ya waliosalia. Wapo basi waliofungwa mara mbili: mara ya kwanza wakielekea Kilwa, mara ya pili wakiwa wamekwisha kubatizwa, wana nyumba na mashamba, wakiamini wamerudi kwao. Misheni ililazimika kutuma watu Ungoni kuwakomboa, na si wote waliopatikana.

Masasi iko mwendo mfupi kutoka Nachingwea, na kutoka Nachingwea si mbali kufika Ruangwa na Mbekenyera. Katika njia hiyo yote hakuna shimo lililochimbwa wala mtu aliyechongwa. Kule Mkunazini, kwa pale watano wale waliposimama, kuta za shimo zimezidi kimo cha macho yao. Wangeinua vichwa wangeona anga, ukingo, na viatu vya aliyesimama juu.